Mashini ya Kushika Mavumbi: Nani Anashika Kipimo?

Maneno yaliyosemwa mbele ya watumikaji. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Wandugu,

Leo hatutasema juu ya mishahara. Tutasema juu ya mavumbi.

Mtauliza: mavumbi, hilo nalo ni neno la kukusanyia watu? Kila mtu aliyeshuka shimoni ameyala, ameyatema, akarudi kwake. Ndiyo. Lakini yale aliyoyatema siyo yanayomwua. Yanayomwua ni yale asiyoweza kuyatema, na hayo hayaonekani kwa macho. Kama hayaonekani, shurti yapimwe kwa chombo. Na kila chombo kina mtu anayekishika. Hapo ndipo shauri letu linapoanzia.

Tumechukua mfano wa mashimo ya makaa ya mawe ya Marekani, hasa yale ya milima ya Appalachia: West Virginia, Kentucky na Virginia. Siyo kwamba kwetu makaa hayajulikani. Watu wa Luena na wa Lukuga wanajua makaa ni nini. Tumechagua Marekani kwa sababu habari za kule zimeandikwa wazi, hesabu zipo, na kesi zilisikiwa mbele ya watu wote. Anayetaka kujua ginsi mashini nzuri inavyoweza kushindwa kumlinda mtumikaji, atafute habari za kule.

Kwanza tumjue adui. Gawanyeni milimita moja vipande elfu. Kipande kimoja huitwa mikroni. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Chembe ya makaa yenye mikroni 50 hunaswa puani au kooni, halafu hutoka pamoja na makohozi meusi. Lakini chembe ndogo ya mikroni chache tu hupita pua, hupita koo, inafika ndani kabisa ya mapafu, pale damu inapopokea pumzi. Huko inakaa. Mwili hujaribu kuizungushia kovu, na kovu haliwezi kuvuta pumzi. Mwaka wa 1959 wataalamu wa inchi nyingi walikutana Johannesburg, hapa hapa Afrika, wakapatana juu ya mavumbi gani yahesabiwe: chombo cha kupimia kiache chembe kubwa, kishike zile laini, chembe za mikroni 5 kishike nusu yake, na zile zilizopita mikroni 7 na kidogo kisizishike kabisa. Tangu siku zile, mtu akisema kipimo cha mavumbi ya shimoni, anasema juu ya haya mavumbi laini, siyo lile wingu jeusi mnaloliona mbele ya taa.

Ugonjwa wenyewe hauna dawa. Wamarekani wanauita pafu jeusi. Kwa miaka mingi waganga wengi wa kule walisema kwamba ni pumu ya wachimbaji, jambo la kawaida, wala mtu asihangaike. Waingereza waliukubali na kuanza kuulipia fidia kwa wachimba makaa mwaka wa 1943. Ubelgiji, uliotutawala sisi na huku ukichimba makaa yake wenyewe, ulikubali kuuhesabu kuwa ugonjwa wa kazi wa wachimba makaa mwaka wa 1964 tu, miaka minne baada ya Uhuru wetu. Fikirini juu ya hilo polepole.

Huko Marekani mambo yaligeuka kwa sababu ya vifo na kwa sababu ya mgomo. Tarehe 20 Novemba 1968 shimo la Farmington, West Virginia, lililipuka, wakafa watu 78. Waganga watatu, Buff, Rasmussen na Wells, walikuwa wakizunguka katika vijiji vya wachimbaji na kuwaeleza watu mambo ya mapafu yao. Mwezi wa Februari 1969 wachimba makaa kama 40,000 wa West Virginia waliacha kazi, wakataka sheria ya pafu jeusi. Mwisho wa mwaka ule, tarehe 30 Desemba, sheria ya inchi nzima ikatiwa sahihi. Ilisema hivi: chukueni sanduku la upepo lenye meta moja kila upande, ndani yake yasipite miligramu 3 za mavumbi laini, na kutoka mwisho wa mwaka wa 1972 yasipite miligramu 2. Hesabu hiyo haikuokotwa njiani. Ilitoka katika uchunguzi wa miaka mingi wa mashimo ya Uingereza, ambako mapafu ya wachimbaji yalipigwa picha na mavumbi yao yalipimwa pamoja.

Miligramu 2 ni kitu kidogo sana, hata mkononi hamtaisikia uzito. Lakini mtu anayetumika kwa nguvu huvuta kadiri ya masanduku 10 ya namna ile kwa zamu ya saa 8. Hesabuni wenyewe kwa mwaka, kisha kwa miaka thelathini.

Basi sheria ilipokuja, makompani yalihitaji mashini za kushika mavumbi, na mashini zilihitaji kujaribiwa. Tuingie sasa katika nyumba ya majaribio.

Iko Bruceton, karibu na Pittsburgh. Serikali ya Marekani ilianzisha ofisi yake ya migodi mwaka wa 1910, baada ya maafa makubwa kama yale ya Monongah ya mwaka wa 1907. Ofisi ile ilifungwa mwaka wa 1996, na kazi ya majaribio ikapewa taasisi ya afya ya watumikaji iitwayo NIOSH. Ndani ya nyumba wamejenga njia ya shimo kwa ukubwa wake wa kweli: kuta, dari, na mwisho wake pahali pa kukatia. Wanaweka mfano wa mashini ya kukata makaa, pamoja na pipa lake la meno ya chuma linalozunguka na matundu yake ya kurushia maji. Makaa hayakatwi. Unga wa makaa uliosagwa laini unapulizwa pale mbele, kwa kiasi kile kile kila dakika, na upepo unapitishwa kwa nguvu iliyopimwa. Kisha vyombo vinatundikwa: pahali anaposimama mwendesha mashini, pahali pa mwenzake, na katika njia upepo unakotokea.

Kila chombo ni pompi ndogo inayovuta lita 2 za upepo kwa dakika. Upepo unapita kwanza katika kikombe kinachouzungusha. Chembe kubwa zinaanguka chini, zile laini zinaendelea mpaka kwenye kichujio. Kichujio kilipimwa kwa mizani kabla ya kazi, kinapimwa tena baada ya kazi. Ile tofauti ndiyo mavumbi. Jaribio linafanywa mashini ya kushika mavumbi ikiwa imezimwa, linafanywa tena ikiwa inawaka, halafu linarudiwa mara nyingi, maana mavumbi yana hila: leo yanakwenda hivi, kesho vile.

Hatuwezi kuidharau kazi hii. Imefundisha mambo ambayo mtu hangeyajua kwa kukisia. Mfano ni maji. Kila mtu hufikiri: maji mengi, nguvu nyingi, mavumbi yatakufa. Kumbe sivyo. Maji yakirushwa kwa nguvu mno karibu na meno ya mashini, yanasukuma upepo. Upepo unagonga ukuta wa makaa na kurudi nyuma pamoja na mavumbi, moja kwa moja usoni mwa mtumikaji. Ndiyo sababu wapimaji wanashauri kwamba matundu ya juu ya mashini, yale yaliyo karibu na meno, yasipite nguvu ya kilo 7 hivi kwa sentimeta moja ya mraba. Mfano mwingine ni mashini zinazokata ukuta mrefu wa makaa, zikienda na kurudi. Katika miaka ya 1980 wajaribu walipanga matundu ya maji yaelekee kule upepo unakokwenda, ili mavumbi yabanwe upande wa ukuta na mtu abaki katika upepo safi. Mashini ilipokata ikikabili upepo, mavumbi ya mwendeshaji yalipungua kwa nusu. Kazi kubwa hapo ilikuwa kuyaelekeza maji tu. Hiyo ndiyo elimu.

Halafu kuna mashini ya kuosha upepo. Imefungwa juu ya mashini ya kukata makaa yenyewe. Ndani yake feni inavuta upepo mchafu kutoka karibu na meno na kuupitisha katika nyavu za waya wa chuma zilizobebana, tabaka 10, au 20, au 30. Maji yanarushwa juu ya nyavu, mavumbi yananasa katika maji, maji yanatengwa, na upepo uliooshwa unatokea nyuma. Nyavu za tabaka 30 zikijaribiwa zinashika zaidi ya asilimia 90 ya mavumbi laini.

Wandugu, hapa sikilizeni vizuri. Karatasi ya kuuzia mashini ikiandika asilimia 90, haisemi uongo. Lakini asilimia 90 ya nini? Ni ya mavumbi yaliyoingia katika mdomo wa mashini. Upepo ambao haukuingia mdomoni haukuoshwa. Unamwendea mtu jinsi ulivyo. Na nini kinaupunguza upepo unaoingia? Ni yale yale mavumbi. Yanaziba nyavu, yanajaa katika njia ya upepo. Wapimaji wa NIOSH wameandika ya kuwa mashini nyingine hupoteza mpaka theluthi moja ya upepo wake baada ya kukata mara moja tu. Mara moja! Asubuhi ni mashini ile iliyo katika karatasi. Saa nne ni mashini nyingine.

Dawa yake inajulikana. Nyavu zitolewe, zioshwe kwa maji, njia ya upepo ifunguliwe na kusafishwa, kisha nguvu ya upepo ipimwe kwa mrija mwembamba unaoingizwa ndani ukikabili mwendo wake. Mtumikaji yeyote anaweza kufundishwa kazi hiyo kwa siku moja. Lakini inataka mashini isimame. Mashini ikisimama, makaa hayatoki, na kapita anaulizwa juu ya tani, haulizwi juu ya nyavu. Hakuna nyumba ya majaribio duniani iliyojenga ndani yake kapita mwenye haraka.

Kwa hiyo majaribio ya Bruceton hayatoshi. Shurti yafuatwe na majaribio ya shimoni. Huko chombo kimoja huwekwa pale upepo unapoingia, kingine pale mtu anaposimama, na kile cha kwanza hutolewa katika hesabu ya cha pili, ili ijulikane mashini hii peke yake imeleta nini. Lazima tena waandike tani zilizokatwa, kiasi cha maji, nguvu ya upepo na unene wa mwamba uliokatwa pamoja na makaa. Bila hayo, namba ya mavumbi ni kama uzito wa gunia ambalo hakuna ajuaye kilichomo.

Sasa tuje kwa mwenye kushika kipimo. Kwa sheria ya mwaka wa 1969 kazi kubwa ya kukusanya vichujio ilikuwa mikononi mwa makompani yenyewe. Kompani ilimvalisha mtumikaji pompi, ikaitoa, ikatuma kichujio kwa posta, na jibu likarudi baada ya siku nyingi. Mtu aliyekuwa ameyavuta mavumbi yale alikuwa amekwisha kuyavuta. Tena sheria ilikubali kipimo cha siku ambayo shimo limetoa nusu tu ya makaa yake ya kawaida. Mnaona njia? Siku ya kupima, punguza kazi. Kesho, rudi kama zamani. Na hiyo haikuwa hata kuvunja sheria! Kanuni mpya ya mwaka wa 2014 ndiyo iliyoipandisha nusu ile kuwa asilimia 80, ikaamuru zamu nzima ipimwe, siyo saa 8 tu, na kutoka Agosti 2016 ikashusha miligramu 2 kuwa 1 na nusu.

Wengine hawakuridhika na njia ya halali. Mwezi wa Aprili 1991 Wizara ya Kazi ya Marekani ilishitaki makompani zaidi ya 500, ikisema kwamba vichujio vyao vilikuwa na doa jeupe katikati, kana kwamba mtu ameyapuliza mavumbi yatoke. Makompani yalijibu kwamba doa linaweza kuja kwa ajali, mpira ukikanyagwa au chombo kikianguka. Na katika kesi kubwa iliyosikiwa, mahakama iliona ushahidi hautoshi. Sisi hatutawahukumu wale ambao mahakama haikuwahukumu. Lakini twasema hivi: kipimo ambacho hata mahakama, baada ya miaka, haiwezi kujua kama kimepulizwa au kimeanguka, siyo kipimo cha kutegemea mapafu ya watu. Na mwaka wa 2018 wakubwa wa kompani moja ya Kentucky, iliyokuwa imekwisha kufilisika, walishitakiwa tena kwa kudanganya vipimo vya mavumbi.

Kutokana na aibu hiyo kilizaliwa chombo kipya. Serikali, chama cha wachimba makaa na chama cha wenye mashimo walikaa pamoja katika kukijaribu. Mtumikaji anakivaa mshipini. Ndani yake mna mrija mdogo wenye kichujio nchani, na mrija ule hutikisika bila kukoma. Mavumbi yakitua juu ya kichujio, uzito unaongezeka na kutikisika kunapungua mwendo. Chombo kinageuza upungufu ule kuwa miligramu na kuziandika katika kioo, hapo hapo. Mtu akiona namba inapanda anaweza kusogea, kurekebisha pazia la upepo, kusema nyavu zimeziba. Kutoka Februari 2016 chombo hiki kililazimishwa kwa kazi zenye mavumbi mengi zaidi. Kwa mara ya kwanza aliyevuta mavumbi na aliyesoma namba akawa mtu mmoja. Katika habari yote hii, jambo hilo ndilo tunaloliona kubwa kupita mashini zote za kuosha upepo.

Je, ugonjwa ukaisha? Hapana. Tarehe 5 Aprili 2010 shimo la Upper Big Branch lilipolipuka na kuua watu 29, waganga waliweza kuchunguza mapafu ya 24 kati yao. 17 walikuwa na pafu jeusi, hata vijana. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2018 ulihesabu, katika zahanati tatu tu za Virginia, watu 416 wenye ugonjwa huu katika hali yake mbaya kabisa, walioonekana kati ya mwaka wa 2013 na mwanzo wa 2017. Na kati ya wachimbaji wa Appalachia ya kati waliotumika miaka 25 au zaidi, mmoja katika watano alikuwa na ugonjwa.

Juu ya nini, ikiwa mashini zimejaribiwa? Jibu moja kubwa ni jiwe. Makaa manene ya Appalachia yamekwisha kuchimbwa. Yamebaki matabaka membamba, na mashini zenye nguvu hukata makaa pamoja na mwamba ulio juu na chini yake. Mwamba una silisi, ile iliyomo ndani ya mchanga na mawe magumu, na silisi hula mapafu upesi kuliko makaa. Tena wapo wale wanaotoboa dari na kupigilia fito za chuma ili isianguke: wao hutoboa jiwe tupu. Sasa, kile chombo cha mshipini tulichokisifu kinajua uzito. Hakijui kama uzito ule ni wa makaa au wa jiwe. Kwa kujua silisi, kichujio shurti kichunguzwe kwa njia nyingine, na kwa miaka mingi jibu liliendelea kuja kwa posta.

Mnaotoboa mawe ya shaba hapa, bila kuona kipande kimoja cha makaa, mmefahamu sasa kwa nini tumewaita.

Mwezi wa Aprili 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya silisi peke yake: mikrogramu 50 katika sanduku lile la meta moja, nusu ya kiasi cha zamani kwa mashimo ya makaa. Ilikuwa ianze huko Aprili 2025. Mwezi ule ule mahakama iliisimamisha, kwa maombi ya vyama vya wenye kazi ya mawe na mchanga. Mwezi ule ule tena watafiti wengi wa Pittsburgh walipewa barua za kuachishwa kazi. Mchimba makaa mmoja alikwenda mahakamani, na mwezi wa Mei hakimu wa West Virginia aliamuru kazi ya kupiga picha mapafu ya wachimbaji irudishwe.

Basi mkiletewa mashini na kuambiwa imejaribiwa, msikatae na msishangilie. Ulizeni ilijaribiwa wapi, na upepo wake ulikuwa na nguvu gani siku ile. Ulizeni nani atasafisha nyavu, saa ngapi, na kama saa hiyo imehesabiwa katika kazi. Ulizeni pompi itavaliwa na nani: yule anayetoboa, au yule anayekaa penye upepo mzuri? Na namba itaandikwa ubaoni siku hiyo hiyo, au itakwenda ofisini na kulala?

Tumemaliza upande wetu. Wenye maulizo wasimame, na wale wa zamu ya usiku waulize kwanza, maana saa yao ya kushuka imekaribia.